Maneno ya Umoja na Historia Yake: Ujima, Chama, Ushirika na Ujamaa

Katika mikutano yetu ni maneno machache yanayotamkwa mara nyingi kama maneno ya umoja. Tunasema ujima, ushirika, jumuiya, kikundi, chama, ujamaa, na aghalabu tunayatamka yote kwa pumzi moja kana kwamba maana yake ni ileile. Kada anasimama mbele ya wanakijiji na kutangaza kwamba kesho kuna kazi ya ujima ya kuchimba msingi wa darasa. Kesho yake wako watu wanaotoka na majembe kabla jua halijachomoza. Wako pia wanaofunga milango mpaka mtendaji apite. Kada anarudi ofisini na kuandika katika taarifa yake kwamba wananchi wa kijiji kile hawana mwamko.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huenda kada huyo amekosea katika uchambuzi wake. Maneno haya hayakushuka kutoka mbinguni. Kila moja lilizaliwa katika hali fulani ya uzalishaji mali, likatumiwa na watu fulani kwa faida fulani, na likabaki na alama za mapambano ya wakati huo. Wananchi wana kumbukumbu. Wakisikia neno wanakumbuka pia yale waliyotendewa kwa jina la neno hilo. Kwa hiyo kada asiyejua historia ya maneno anayoyatumia ni sawa na mtu anayeazima jembe bila kuuliza lilivunjikia wapi msimu uliopita.

UJIMA: KAZI YA ZAMU

Tuanze na ujima, maana ndio mzizi. Katika kilimo cha jembe la mkono, kaya moja inaweza kufyeka shamba kubwa kuliko mikono yake inavyoweza kulipalilia. Mvua haingoji, wala magugu hayangoji. Katika majuma machache ya palizi, mwenye shamba aliwaalika majirani. Alitayarisha chakula na pombe. Kila mmoja alipewa ngwe yake, na shamba ambalo lingemchukua mwenyewe nusu mwezi lilimalizika kwa siku moja. Juma lililofuata kazi ilihamia shamba la jirani.

Sehemu mbalimbali za nchi yetu zilikuwa na taratibu zake. Usukumani vijana walilima kwa makundi chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, wakiinua na kushusha majembe kwa mdundo wa ngoma. Ngoma ya bugobogobo tunayoiona leo majukwaani ilitokana na kazi hiyo. Upare watu waliitwa kwa msaragambo ili kusafisha mifereji na kuzibua ndiva, yale mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba ya mabondeni. Na nje ya shamba kulikuwa na utani. Mnyamwezi aliyefariki njiani katika misafara ya kwenda pwani, mbali na ndugu zake, hakuachwa kama mnyama. Alikuwepo mtani Mzaramu aliyekuwa na wajibu wa kusimamia maziko yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ujima ulikuwa na hesabu. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Aliyekula chakula cha wenzake na kunywa pombe yao, kisha asionekane zamu yao ilipofika, alikuta siku yake imewadia na shambani yuko peke yake na mkewe. Watu walikwenda kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba nguvu waliyoitoa leo itarudi kesho. Wema peke yake usingedumisha utaratibu huo vizazi kwa vizazi.

Wala tusiupake rangi za peponi. Watemi wengi walilimiwa mashamba yao na raia ambao hawakulimiwa na mtemi. Wanawake walibeba sehemu kubwa ya jembe na sehemu ndogo ya maamuzi. Pwani kulikuwa na watumwa ambao hawakuwa na zamu kabisa. Wanafunzi wetu waliosoma nadharia ya maendeleo ya jamii wanalijua neno ujima kama jina la mfumo wa kwanza, uliotangulia utumwa na ukabaila. Matumizi hayo yana manufaa yake darasani, lakini yasitufanye tuamini kwamba ujima ulizikwa enzi za mababu. Katika vijiji vingi watu wamelima kwa zamu msimu uliopita.

MKOLONI ALIPOLICHUKUA NENO "PAMOJA"

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji katika sehemu za pwani na kusini mwake. Majumbe na maakida waliamriwa kufungua shamba moja la eneo zima, na watu wa eneo hilo wakalazimika kulilima kwa siku walizopangiwa. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, majumbe na chombo cha utawala kilichosimamia mpango.

Hebu tulitazame shamba hilo kwa sura yake ya nje. Watu wengi wanalima pamoja. Shamba ni moja. Mazao yanauzwa kwa pamoja na mapato yanagawanywa. Mtu asiyejua mambo angesema huo ni ujima uliopanuliwa! Lakini siku za kulima ziliamuliwa na akida, na ziliangukia wakati uleule ambapo mkulima alitakiwa kuwa katika shamba lake la chakula. Zao liliamuliwa na mahitaji ya viwanda vya Ujerumani. Mgawo uliamuliwa na asiyeshika jembe, na aliyekosa kufika alikutana na kiboko. Malipo yalikuwa madogo mno hata wako wakulima waliokataa kuyapokea. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Mwingereza alifuata njia hiyohiyo kwa maneno laini zaidi. Sheria ya mwaka 1926 iliyozipa madaraka serikali za wenyeji iliwawezesha machifu kuwaamuru watu kwenda kazini. Barabara, matuta na majengo yakajengwa kwa kazi iliyoitwa ya jamii, ambayo mwananchi hakuulizwa. Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa jina la kuhifadhi ardhi, mpaka mwaka 1955 walipoyapinga hadharani.

Mkoloni aliuchukua ujima akauondolea mambo mawili: zamu na sauti. Akabakiza jasho. Mizizi ya ile milango iliyofungwa tuliyoitaja mwanzoni inaanzia hapo.

CHAMA: UMOJA WA WALIOTOKA KWAO

Katika miji iliyokua kwa bandari na reli, mtu hakuwa na shamba la kulimiwa wala jirani wa ukoo. Alikuwa na ujira mdogo, chumba cha kupanga, na hofu ya kuugua na kufa ugenini. Hapo neno chama lilipata nguvu mpya.

Vyama vya mwanzo vilivyojulikana sana vilikuwa vya ngoma. Tangu miaka ya 1890 katika miji ya pwani ya Kenya, na baadaye Tanganyika nzima, vilienea vyama vya beni. Watu walijipanga kwa gwaride, wakapeana vyeo vya kizungu kuanzia mfalme hadi daktari, na kushindana kwa mavazi na nyimbo. Dar es Salaam mashindano yalikuwa kati ya Marini, waliojiona waungwana na wenye elimu, na Arinoti, ambao wengi wao walikuwa watu wa kazi ngumu. Wakoloni wengine waliona ni watu weusi wanaoiga wazungu. Hawakuona kwamba nyuma ya gwaride kulikuwa na mfuko: mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa heshima. Aidha, walijifunza kuitisha mkutano, kutunza fedha, kuchagua viongozi na kupeleka barua kwa wenzao wa mji mwingine.

Maarifa hayo hayakupotea. Mwaka 1922 watumishi wa serikali waliunda chama chao Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba. Mwaka 1929 ikaundwa African Association mjini Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli hadi bara. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU.

Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwaingiza wanawake, ilimtegemea Bibi Titi Mohamed. Yeye hakuanza kwa kuwafundisha akina mama katiba ya chama. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, akawaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini. Kila kiongozi wa ngoma alikuja na watu wake, na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Akina mama hao walikwisha kuwa na vyama kabla ya kuwa na Chama. Kada wa leo anayefika mtaani na kudhani anawaletea wananchi umoja kwa mara ya kwanza, na ajifunze hapo.

USHIRIKA: UMOJA WENYE DAFTARI

Neno ushirika limetokana na kushiriki, yaani kuwa na fungu katika jambo. Maana hiyo ina uzito wake. Katika ujima mtu hutoa nguvu na kurudishiwa nguvu. Katika ushirika mtu ana hisa yake, ana mazao yake yaliyopimwa, ana haki ya kujua bei. Ushirika ulizaliwa na zao la biashara, fedha na mizani.

Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais. Walowezi hawakufurahi kumwona Mwafrika analima kahawa, na chama kilikuwa ngao ya wakulima. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, chama hicho kiliondolewa na mwaka 1933 kikaandikishwa chama kikuu cha KNCU. Kahawa ikauzwa kupitia mlango mmoja. Lakini mwaka 1937 wakulima walewale walifanya ghasia dhidi ya ushirika wao, kwa kuwa bei ilianguka na wao waliona kwamba wanaamriwa kuuza mahali ambapo hawana usemi.

Usukumani mambo yalianzia kwenye mizani. Wanunuzi wa pamba walikuwa wakiwapunja wakulima kwa kuchezea vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe wahakikishe uzito kabla mzigo haujafika kwa mnunuzi. Kutokana na kazi hiyo ndogo na ya wazi ulijengwa Muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi, na baada ya miaka michache ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika Afrika.

Baada ya Uhuru ushirika ulipanuliwa haraka mno, mara nyingi kutoka juu. Mwaka 1966 kamati maalum ya serikali ilichunguza malalamiko ya wakulima na kukuta uzembe, upendeleo, wizi, na wanachama wasiojua kinachoendelea katika chama chao. Hapa kuna somo. Ujima hutunzwa kwa kichwa na kila mtu ana kichwa. Ushirika hutunzwa kwa daftari, na daftari huweza kufungiwa kabatini. Siku mwanachama asipoweza kuliona daftari, wapimaji wa mizani wamerudi, ila safari hii wanaitwa makatibu.

UJAMAA: JAMAA NI NANI?

Neno jamaa asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kundi lililokusanyika. Jamii, jumuiya na Ijumaa ni ndugu zake. Katika Kiswahili jamaa akawa mtu wa ukoo wetu, na ujamaa ukawa ule uhusiano unaofanya mtu asilale njaa wakati nduguye ana chakula. Aprili 1962 Mwalimu Nyerere alilichukua neno hili na kulipanua: jamaa ni taifa zima, na hata zaidi ya taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaufanya ujamaa kuwa siasa ya nchi, na Septemba mwaka huo mwongozo wa ujamaa vijijini ukaeleza kwamba kijiji cha ujamaa huanzishwa na watu wenyewe, kwa hiari, na huongozwa nao.

Neno hilo lilichaguliwa kwa hekima, kwa sababu kila mwananchi alilielewa bila mkalimani. Hata hivyo lilikuja na mzigo wake. Jamaa wana wakubwa na wadogo, na katika nyumba nyingi mkubwa akisema mdogo hanyanyui uso. Ushirika unasema wewe una fungu sawa na langu. Ujamaa unasema wewe ni ndugu yangu. Yote mawili yanahitajiana, maana undugu usio na haki ya kuhoji hugeuka kuwa utii.

Kwamba ujamaa wa kweli uliwezekana, Ruvuma ni ushahidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU huko Litowa, Songea, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, walianza kuishi na kulima pamoja. Vijiji vikaongezeka hadi 17 katika umoja wao, vikawa na shule na mashine ya kusaga. Mambo yao waliyaamua mikutanoni, na aliyekuwa na hoja aliisema hata mbele ya ofisa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Leo tunaweza kusema bila woga kwamba hilo lilikuwa kosa. Walikuwa wanajitegemea kwa vitendo, na wako viongozi waliouona usemi wao kuwa ukaidi.

Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini. Zaidi ya watu milioni 13 walikuwa katika vijiji ifikapo 1977. Shule, visima na zahanati viliwafikia wengi kwa mara ya kwanza, na hilo halifutiki. Lakini pahala pengi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa, na mashamba ya pamoja yakalimwa kwa amri. Mwalimu mwenyewe mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio, alikiri kwamba kuishi kijijini hakujawa ujamaa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao kupewa mashirika ya mazao. Wakulima waliona mazao yanakopwa na malipo yanachelewa. Sheria ya 1982 ikavirudisha vyama hivyo. Kurudisha jina ilichukua kikao kimoja. Kurudisha imani ya mkulima ni kazi ambayo mpaka leo haijamalizika.

UPATU NA KIKOBA

Wakati maneno makubwa yakipanda na kushuka, akina mama waliendelea na upatu. Watu kumi wanachanga kila juma, mmoja anapokea zote, zamu inazunguka. Ni ujima wa fedha. Neno hili nalo limeingiliwa: matapeli walipoanza kukusanya fedha kwa ahadi ya kuzizidisha, sheria na magazeti yakauita mchezo huo upatu, na jina la akina mama waaminifu likachafuliwa na wezi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vimeenea vikoba. Jina hilo lilianza kama kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini, lakini wananchi walisikia kikoba, mkoba mdogo wa kuwekea vitu, wakalifanya lao. Wanachama kama 15 hadi 30 wananunua hisa, wanakopeshana, wana mfuko wa misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Katika vikundi vingi sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Wanachama hao wamelitatua kwa kufuli tatu tatizo ambalo ushirika mkubwa ulishindwa kulitatua kwa ofisi nzima. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivyo na kuvitaka vijisajili. Ni vyema. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba usajili hauwi mlango wa kumwingiza mshika funguo wa nne.

MAFUNZO

Kutokana na historia hii tunaweza kupata vipimo vinne. Mbele ya kikundi chochote, kiwe kinaitwa ujima, ushirika au ujamaa, kada aulize:

Kwanza, nani ameita? Je, ni wenye haja, au ni mtu wa nje aliyewaamulia haja yao?

Pili, zamu inarudi? Je, anayetoa nguvu au fedha leo anaona kwa macho yake itakavyomrudia?

Tatu, daftari liko wapi, na nani anaweza kulisoma?

Nne, mwanachama akimhoji kiongozi, kesho yake anaishije?

Pamba ya Mjerumani inaanguka katika vipimo vyote vinne. Wapimaji wa mizani wa Usukumani wanafaulu vyote. Ruvuma ilifaulu, ikaangushwa na walioogopa kipimo cha nne. Sisi wenyewe, tukiwa wakweli, tumewahi kuziita kazi za lazima kwa jina la kujitolea, na michango ya amri kwa jina la nguvu za wananchi. Kila tulipofanya hivyo tulitumia akiba ya neno ambalo wengine walilijenga kwa jasho.

Turudi sasa kwa yule kada na kijiji chake. Kabla hajaandika taarifa yake, na aende kwenye nyumba mojawapo iliyofungwa, akae, aulize. Pengine ataambiwa kwamba mwaka juzi walichanga kwa ajili ya zahanati na hawajasomewa hesabu mpaka leo. Pengine ataambiwa kwamba siku ya kuchimba msingi imepangwa katikati ya palizi. Hayo yote yana dawa, na dawa yenyewe haihitaji hotuba. Aitishe mkutano, hesabu ya zahanati isomwe senti kwa senti, na wananchi wenyewe wapange siku. Kisha yeye achukue jembe lake na kuomba apewe ngwe.